Kubadilisha pampu ya maji ya nyumbani mwenyewe, hatua kwa hatua, na pale inapobidi umlipe fundi

Karibu kila Jumamosi mtu anaingia dukani kwangu na pampu mpya mkononi, stika bado inang'aa, na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Kaka, umeniuzia mbovu. Inanguruma tu, maji hayapandi." Naichukua, naizungusha nyuma ya duka, naiunganishia kipande cha bomba kilichozama kwenye ndoo, naijaza maji kichwani, nawasha. Maji yanaruka hadi kwa muuza chipsi. Pampu ni nzima. Tatizo liko nyumbani kwake, na mara nyingi liko palepale: upande wa kunyonya.

Nimechoka kueleza jambo moja mara thelathini kwa mwezi, kwa hiyo naliandika. Mwongozo huu ni wa pampu ndogo ya nusu hosipawa, ile ambayo wengi tunaiita mota, inayochota maji kwenye tanki la chini au kisima kifupi na kuyapandisha kwenye tanki la juu ya mnara. Hapa Dodoma, kwa mgao wa maji tulionao, nyumba isiyo na mpangilio huo ni ya kubahatisha. Pampu ya kuzamishwa kwenye kisima kirefu haimo humu. Hiyo ni kazi nyingine na hatari nyingine.

Ufanye mwenyewe au umlipe fundi?

Ingia nyuma ya nyumba uiangalie pampu ya zamani kabla hujaamua. Tazama mambo mawili tu: imeungwaje kwenye bomba, na inapata wapi umeme.

Kama pande zote mbili kuna yunioni (kile kiungo chenye nati kubwa katikati, kinachofunguka bila kukata bomba), na umeme unatoka kwenye soketi ya ukutani kwa plagi ya pini tatu, fanya mwenyewe. Ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Fundi ninayemwamini huomba elfu thelathini kwa kazi hiyohiyo, nami sioni sababu ya kumpa wakati spana unayo.

Kama bomba ni PPR (aina ya bomba gumu la plastiki) na limeunganishwa moja kwa moja bila yunioni, mambo yanabadilika. PPR haiungwi kwa gundi. Huyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi, na asiyeizoea anaziba tundu la bomba kwa plastiki yake mwenyewe bila kujua. Hapo mlipe fundi, ila mwagize aweke yunioni pande zote mbili ili hii iwe mara yako ya mwisho kumlipa kwa kazi hiyo.

Na kama umeme wa pampu umeungwa kwa waya mbili zilizosokotwa na kufungwa tepu nyeusi, au hakuna waya wa ethi (ule wa usalama, unaopeleka ardhini umeme unaovuja), usiguse. Kazi ya waya za ukutani, soketi na breka ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Pampu ni chuma, iko nje, imezungukwa na maji, na mtoto anaishika akiwa pekupeku. Sibishani na mtu kuhusu hilo.

Ipo njia ya kati ambayo wateja wangu wengi hawaifikirii: mlipe fundi umeme akuwekee soketi nzuri yenye ethi karibu na pampu, mara moja tu. Mabomba yafanye mwenyewe. Miaka yote inayofuata pampu ikifa, unachomoa plagi na kuchomeka nyingine.

Kabla hujanunua: je, ya zamani imekufa kweli?

Nauza pampu, na bado nakuambia hili. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi. Pampu ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, ukoko mweupe unajijenga kati ya impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) na nyumba yake, mahali penye nafasi nyembamba kama karatasi. Ukiwasha, inatoa "mmmm" na haizunguki. Watu wanadhani imeungua.

Chomoa plagi. Fungua kava la feni nyuma ya mota, kisha jaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikiwa ngumu, ichezeshe taratibu huku na huku. Baadhi ya pampu zina mfereji mwishoni mwa shafti wa kuingiza bisibisi bapa. Ikiachia na kuzunguka kwa wepesi, rudisha kava, jaza maji, washa. Umeokoa pesa.

Ikiwa inazunguka kwa mkono bila shida lakini ukiwasha inanguruma tu, mshuku kapasita: kopo dogo lililo ndani ya kisanduku cha waya juu ya mota. Likiwa limevimba au limevuja, limekufa. Kipuri hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu. Soma namba iliyoandikwa ubavuni, yenye µF, na ununue ya namba ileile. Tahadhari: kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Usiguse miguu yake miwili kwa vidole. Kama hujawahi kuishika, mpelekee fundi mota nzima.

Nunua pampu mpya kama kuna harufu ya kuungua, kama mota inaangusha breka kila ukiwasha, au kama maji yanachuruzika kati ya kichwa cha pampu na mota. Hilo la mwisho ni sili iliyokwisha, ile inayozuia maji yasipite kwenye shafti kuelekea mota. Sili hubadilishwa, ila kwa pampu ndogo iliyozeeka, gharama ya fundi na kipuri hukaribia nusu ya bei ya mpya.

Vifaa vya kuwa navyo kabla hujafungua nati yoyote

Kusanya vyote kwanza. Anayekumbuka tepu akiwa ameshafungua bomba huishia kufunga bila tepu.

- Pampu ya nguvu ileile na midomo ya kipimo kilekile. Nyingi ni inchi moja. Piga picha ya zamani kwa simu uje nayo dukani: mdomo wa kunyonya ukiwa upande tofauti, mabomba hayatakutana.
- Tepu nyeupe ya tredi, roli mbili. Usije na moja.
- Nipo mbili za inchi moja. Namaanisha kile kiungo kifupi chenye tredi pande zote.
- Raba za yunioni. Za zamani zimekwisha hata kama zinaonekana nzima.
- Futi valvu mpya, kama pampu inachota maji yaliyo chini yake. Hiyo ni ile yenye chujio, inayokaa mwisho wa bomba ndani ya maji.
- Spana ya mabomba mbili. Moja haitoshi, utaona kwa nini.
- Bisibisi bapa na ya nyota, testa, kisu cha kuchunia waya.
- Waya laini wa nyaya tatu wa 1.5 mm² na plagi yenye fyuzi, kama pampu imekuja bila.
- Ndoo ya maji safi, jagi, kitambaa, na sabuni ya unga kidogo. Sabuni nitaieleza mbele.

Mwambie muuzaji aichomeke pampu mbele yako kwa sekunde moja au mbili. Izunguke bila kukwaruza. Uliza pia kuhusu waranti, kwa sababu maduka mengine huikataa pampu ikishaingia maji. Tunza risiti.

Hatua ya 1: Kata umeme, kisha hakikisha umekatika

Zima breka, chomoa plagi, na plagi ikae mahali unapoiona. Kisha gusa terminali kwa testa.

Usitegemee kwamba umeme wa TANESCO umekatika au LUKU imeisha. Wewe umeshika waya nje, mtoto ndani kaingiza tokeni.

Hatua ya 2: Piga picha na uweke alama

Picha ya mabomba kutoka pande mbili, picha ya waya ndani ya kisanduku. Chukua kalamu ya rangi uandike "NYONYA" kwenye bomba linalotoka tanki la chini na "PANDISHA" kwenye linalokwenda mnarani. Unaona ni utoto? Kuna mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alifunga kinyume na kushinda siku nzima akisukuma maji ya tanki la chini kurudi tanki la chini.

Hatua ya 3: Funga maji na uyatoe

Funga valvu ya tanki la chini kama ipo. Upande wa juu usisahau: bomba linaloshuka kutoka mnarani linaweza kuwa na mita nane za maji yanayokusubiri. Kama kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, maji yatakaa juu yake. Kama haipo, funga valvu ya juu au uwe tayari kuoga.

Legeza yunioni ya kupandisha kidogo tu, weka ndoo, subiri maji yaishe. Maji hayo kamwagie mzabibu. Hatuna ya kumwaga mji huu.

Hatua ya 4: Toa pampu ya zamani

Hapa ndipo spana mbili zinahitajika. Moja inashikilia upande wa bomba, nyingine inazungusha nati. Ukitumia moja, nguvu yako inasafiri hadi kwenye elbo ya karibu ukutani, na elbo inapasuka ndani ya plasta usipoiona. Utaijua baada ya wiki, ukuta ukianza kuvimba rangi.

Fungua boliti za miguu. Zikiwa na kutu, tia mafuta, nenda kanywe chai, rudi.

Hatua ya 5: Angalia upande wa kunyonya kama hakimu

Sasa tumefika penye kesi. Mipangilio ipo miwili, na lazima ujue wako ni upi.

Wa kwanza: tanki liko juu ya ardhi na pampu iko chini yake au ubavuni, chini ya usawa wa maji. Maji yanaingia yenyewe kwenye pampu. Kama ndivyo, una bahati. Huhitaji futi valvu, na hatua hii inaishia kukagua valvu na chujio.

Wa pili: maji yako chini ya pampu, kwenye tanki la kuchimbiwa au kisima kifupi. Pampu inabidi inyonye. Na pampu, kwa kweli, haivuti maji. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari hewa hiyo haiwezi kuyainua zaidi ya mita 10.3 hata kwa pampu kamilifu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na unapoteza zaidi ya mita moja hapohapo. Boksi limeandikwa "mita 8"? Hiyo ni namba ya pwani, tena ya maabara. Hapa usiizidishe mita 6 kutoka pampu hadi uso wa maji, na pima wakati maji yako chini kabisa, mwezi wa kumi au wa kumi na moja kabla ya mvua, si Machi kisima kikiwa kimejaa. Pampu inayofanya kazi masika na kugoma kiangazi haina ugonjwa.

Sasa kagua bomba lenyewe.

Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Kushusha kutoka inchi moja hadi robo tatu ili kutumia kipande kilichobaki ni kuinyonga pampu.

Lipande moja kwa moja kuelekea kwenye pampu bila nundu. Likipanda, likashuka, kisha likapanda tena, kile kilele kinashika hewa, na hewa hiyo haitoki hata ufanye nini.

Futi valvu ikae sentimeta 20 au zaidi kutoka sakafu ya tanki, kwa sababu chini kuna mchanga na tope, na pampu ya aina hii haisamehe mchanga. Ijaribu kabla hujaishusha: isimamishe wima chujio likiwa chini, jaza maji kwa juu, subiri dakika kumi. Maji yakishuka, ama kuna kijiti kimekwama kwenye kizibo, ama imekwisha. Nimeona futi valvu mpya kabisa ikivuja kwa uzi mmoja wa katani uliokwama ndani.

Jambo moja zaidi. Usiunganishe upande wa kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji ili uvute mgao ukiwa mdogo. Haliruhusiwi, unamnyang'anya jirani, na kila ufa wa bomba lililo mtaroni unageuka mdomo wa kunyonya maji machafu yaje kwenye glasi yako. Maji yaingie tanki la chini kwanza.

Umefaulu hatua hii kama bomba limejazwa maji, umekaa robo saa, na usawa wake haujashuka.

Hatua ya 6: Funga pampu mpya

Iweke kwenye msingi uleule, na kipande cha raba ya tairi chini ya miguu kupunguza mtetemo. Usikaze boliti bado.

Zungusha tepu kwenye tredi za nipo. Ukiutazama mdomo wa nipo, tepu ifuate mshale wa saa, mizunguko minane hadi kumi, ukiivuta ili ikae ndani ya mifereji. Ukiizungusha kinyume, itajikunjua wakati unafunga. Hapo ndipo ubahili wa tepu unapogharimu: upande wa kunyonya, tundu ambalo halitoi hata tone la maji linaingiza hewa ya kutosha kuzuia kazi yote.

Tafuta mishale au maandishi kwenye mwili wa pampu yanayoonyesha maji yanaingia wapi na yanatoka wapi. Funga nipo kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza nusu mzunguko au mmoja kwa spana. Usizidishe. Tredi ya plastiki ikipasuka haitangazi.

Weka raba mpya kwenye yunioni, lenga bomba na pampu zikutane bila kulazimishwa, kaza yunioni, mwisho kaza boliti za miguu. Ukianza na boliti, utalivuta bomba lifuate pampu, na kila mtetemo utakuwa unalegeza kiungo.

Hatua ya 7: Waya

Kama pampu imekuja na plagi, ruka. Kama haina, fungua plagi na uiweke pini ndefu ikiwa juu. Kijani-njano, ethi, inakwenda juu. Kahawia, waya wa moto, inakwenda kulia kwenye fyuzi. Bluu, nutro, kushoto. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nutro, na hapo usibahatishe.

Upande wa pampu, ethi inafungwa kwenye skrubu yenye alama yake, ndani ya kisanduku. Acha waya wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa bahati mbaya, ethi iwe ya mwisho kukatika. Kaza kibano cha waya, rudisha raba ya kifuniko vizuri. Vumbi la upepo wa Julai hadi Septemba huku linaingia popote.

Kwenye breka za nyumba yako angalia kama kuna ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, ya kukata umeme ukivuja. Ibonyeze. Inapaswa kuanguka papo hapo. Kama haipo, hiyo ndiyo pesa ya fundi umeme ninayokushauri uitumie kabla ya nyingine yoyote.

Hatua ya 8: Jaza maji. Usiruke hii

Robo tatu ya pampu "mbovu" ninazorudishiwa zinaishia hapa.

Juu ya kichwa cha pampu kuna boliti ndogo. Ifungue. Mimina maji kwa jagi, polepole, mpaka yafike mdomoni. Subiri. Utaona mapovu madogo yakipanda, glu, glu, na usawa ukishuka. Ongeza. Yatapanda tena. Kama bomba la kunyonya ni refu unaweza kumimina lita tano au zaidi, usishangae wala usikasirike. Zungusha feni kwa mkono mara mbili tatu, mapovu mengine yatatoka. Unaacha pale maji yanapokaa mdomoni yametulia, bila povu hata moja, kwa dakika tano nzima.

Yakiendelea kushuka bila kukoma, futi valvu inavuja. Rudi hatua ya 5. Usiwashe ukidhani "itajivuta yenyewe". Sili ya pampu inapozwa na maji yanayopita. Ikizunguka kavu huungua ndani ya muda mfupi sana, na ukishaiunguza, waranti haitakusikiliza.

Kwa wenye tanki lililo juu ya pampu: fungua valvu ya tanki, legeza boliti hiyohiyo, acha hewa itoke mpaka maji yaje mfululizo, kaza.

Hatua ya 9: Washa, sikiliza, hesabu

Fungua valvu ya kupandisha yote. Mtu mmoja akae kwenye tanki la juu, wewe mkono uwe kwenye swichi. Washa.

Ndani ya dakika moja sauti inapaswa kubadilika. Mwanzo ni nyembamba, yenye kukereza, kisha inashuka na kuwa nzito, na bomba la kupandisha linakuwa baridi ukilishika. Halafu yule wa juu anapiga kelele. Dakika mbili zikipita bila maji, zima. Ijaze tena mara moja tu. Ikigoma mara ya pili, tafuta hewa inakoingilia.

Maji yakija, weka ndoo ya lita 20 mdomoni mwa bomba la juu na uhesabu. Kwa mnara wa mita sita, pampu ya nusu hosipawa iliyofungwa vizuri huijaza kwa sekunde 40 hadi 60. Tanki la lita 1,000 lijae kwa dakika 35 hadi 50 hivi. Andika muda wako kwa chaki ukutani. Miezi sita baadaye ukiona umepanda mno, utajua kuna kitu kinaziba kabla hakijaziba kabisa.

Baada ya nusu saa shika mwili wa mota kwa kiganja. Joto la kawaida unaweza kulivumilia sekunde kadhaa. Likikufanya uruke, zima.

Pampu inanguruma, maji hayaji

Hewa inaingia mahali, na hutaliona tundu kwa macho, kwa sababu upande wa kunyonya hautoi maji nje, unaingiza hewa ndani. Hapo ndipo sabuni inatumika. Koroga povu zito kama la kunyolea ndevu, lipake kwenye kila kiungo kati ya futi valvu na pampu, washa kwa sekunde chache. Kiungo kinachomeza povu lake ndicho mwizi. Fungua, tepu upya.

Maji yakija kidogo na kukatika na kurudi, ama hewa inaingia, ama maji ya tanki la chini yamekaribia chujio. Angalia tanki kabla ya kufungua chochote.

Ikifanya kazi asubuhi vizuri na jioni inanguruma bila kuzunguka, pima volti. Mota imetengenezwa kwa 220 hadi 240, na jioni watu wakiwasha majiko, mitaa ya pembezoni umeme hushuka. Usiendelee kuiwasha na kuizima. Subiri usiku.

Ikijizima yenyewe ikiwa ya moto na kuwaka tena baada ya dakika kumi na tano, ni kinga ya joto iliyomo ndani. Ama iko juani, ama umeifungia kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Pampu inahitaji kivuli, siyo jeneza: paa la bati, pande ziwe wazi.

Ikiwaka na kuzima kila dakika bila mtu kufungua bomba, angalia boya la umeme (swichi inayoelea) la tanki la juu kama linaelea kwa uhuru. Na kama tanki la chini halina boya lake, liweke. Siku za mgao, pampu inayoachwa imewashwa juu ya tanki tupu ndiyo inayonijengea nyumba.

Ukiamua kumlipa fundi

Hakuna aibu. Ila kubalianeni bei kabla hajafungua begi, na bei itaje kama vifaa vimo au havimo. Nunua vifaa mwenyewe. Mwambie wazi: "Fundi, naomba yunioni pande zote, na ethi." Akikujibu kwamba ethi siyo lazima, mshukuru na utafute mwingine.

Kaa naye anapojaza maji kwenye pampu, umuone kwa macho akisubiri mapovu yaishe. Mpe sehemu kubwa ya hela maji yakifika juu, iliyobaki mwambie aifuate kesho asubuhi, utakapokuwa umewasha bila kujaza maji upya na yakapanda.